Sukari Ilipoadimika Uganda: Funzo kwa Jiko la Leo



Swali la "nitumie nini badala ya sukari?" linaulizwa sana majumbani siku hizi, hasa penye mgonjwa wa kisukari. Wengi wetu tunadhani ni swali jipya. Kwa watu wa Uganda si jipya, ila zamani liliulizwa kwa sababu nyingine kabisa, na tofauti hiyo ndiyo tunayotaka tuitazame leo.

Tuanzie Port Bell, bandari ya Kampala iliyoko upande wa Luzira, kwenye Ziwa Viktoria. Imepewa jina la Hesketh Bell, Mwingereza aliyekabidhiwa uongozi wa Uganda mwaka 1906. Kabla ya reli kufika Kampala mwaka 1931, mizigo ya kutoka Mombasa ilishushwa Kisumu, ikapakiwa melini na kuteremshwa hapo. Wakati huo sukari ya dukani ilikuwa mgeni. Hata jina lake Waganda walilipokea kutoka Kiswahili, wakasema sukaali, na ile ndizi ndogo tamu wakaiita sukaali ndiizi.

Baadaye mgeni akawa mwenyeji. Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924, na Muljibhai Madhvani akafuata Kakira, karibu na Jinja, mwaka 1930. Kufikia mwaka 1968 Uganda ilitoa tani 152,000 za sukari kwa mwaka.

Kisha Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Wenye viwanda wakaondoka, wataalamu wakapungua, vipuri vikakosekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vilikuwa karibu vimekufa. Sukari ikawa bidhaa ya foleni na magendo.

Je, jiko lilibaki na nini? Lilibaki na vitu hivi:

1. Ndizi mbivu. Kabalagala hupikwa kwa kuponda ndizi tamu zilizoiva sana, kuchanganya na unga wa muhogo na kukaanga. Utamu wote unatoka kwenye ndizi.

2. Asali. Hii ni ya maji na ni tamu kuliko sukari. Penye kikombe kimoja cha sukari, robo tatu ya kikombe hutosha. Punguza maziwa au maji kidogo na ushushe moto wa oveni, kwani asali huwahi kuungua.

3. Sukari guru. Ni maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakaganda. Ipondeponde, iyeyushe kwa maji ya moto na uichuje kabla ya kutia kwenye uji au unga wa mandazi.

Hapa ndipo penye funzo, ndugu msomaji. Vitu hivi vilitatua tatizo la uhaba, havikutatua ugonjwa. Asali, sukari guru na ndizi mbivu vyote vinapandisha sukari ya damu. Tunajua kwamba Suratun Nahl imeitaja asali kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu. Lakini mtu asimpe mama yake mwenye kisukari vijiko vinne vya asali kwenye chai akidhani haina hesabu. Hata tende za futari zina hesabu yake.

Vile vitamu vya viwandani ni habari nyingine. Cha kwanza, sakarini, kiligunduliwa na Constantin Fahlberg nchini Marekani mwaka 1879, na kilienea Ulaya wakati wa vita, sukari ilipokuwa ya mgao. Ni kitamu mara mia kadhaa kuliko sukari, hivyo kidonge kidogo hutosha kikombe cha chai. Kwenye keki mambo hubadilika. Sukari huipa keki ujazo, unyevu na rangi ya kahawia, na kidonge hakiwezi kazi hiyo. Aspatemi, nayo, hupoteza utamu ikikaa kwenye moto. Sukralosi huvumilia oveni, na ile ya unga iliyotengenezwa kwa kuokea hupimwa kwa kikombe. Soma maelezo ya pakiti kwanza.

Wala tusivifanye dawa. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu hivi visitegemewe kupunguza uzito, ingawa ushauri huo haukuwahusu walio na kisukari tayari. Hao wamuulize daktari wao.

Viwanda vya Lugazi na Kakira vilifufuliwa, na sukari ikarudi madukani. Wazee wetu walipunguza utamu kwa kulazimika. Sisi tunaweza kupunguza kwa hiari, kijiko kimoja kimoja, mpaka ulimi uzoee. Watoto wakianza mapema hawatahangaika ukubwani.

Allah atujaalie afya njema sisi na familia zetu. Amin.