Saksofoni ya Verckys Isikilizwapo Lweba

Mwaka 2014 kampuni ya Analog Africa, yenye makao yake Frankfurt, Ujerumani, ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za Verckys Kiamuangana Mateta na Orchestre Vévé zilizorekodiwa kati ya 1969 na 1978. Msikilizaji wa Lweba, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, hana budi kujiuliza ni historia ya nani inayorejeshwa katika santuri hiyo.

Verckys alizaliwa Kisantu mwaka 1944. Jina lake, kama inavyosimuliwa, lilitokana na kusikia vibaya jina la mpiga saksofoni Mmarekani, King Curtis. Mwaka 1963 alijiunga na OK Jazz ya Franco, bendi ambayo tayari ilikuwa na mpulizaji hodari, Isaac Musekiwa, mzaliwa wa Rhodesia ya Kusini aliyefika Léopoldville kwa kupitia Katanga. Katika rumba ya wakati ule gitaa lilikuwa bwana. Saksofoni (au "domo la bata", kama waitavyo mashabiki wa dansi wa Dar es Salaam) iliitikia tu. Verckys aliifanya isemezane na gitaa, na mara nyingine iligombeze.

Ugomvi ukahamia kwenye mali. Mwaka 1968, Franco alipokuwa Ulaya, Verckys alirekodi nyimbo kwa faida yake akiwatumia baadhi ya wanamuziki wa OK Jazz. Mwaka uliofuata akawa na bendi yake, kisha akawa mtoaji wa santuri aliyeziinua bendi za vijana kama Bella Bella na Lipua Lipua. Kwa maoni yangu, hili ni jambo zito kuliko upulizaji wake: Mkongo alishika mashine za kurekodia na haki za nyimbo katika biashara iliyokuwa imeanzishwa na wafanyabiashara wa kigeni. Mwaka 1972 wimbo wake "Nakomitunaka" ulihoji kwa nini malaika na watakatifu huchorwa weupe na shetani mweusi, Kanisa lilichukizwa. Ilikuwa enzi ya siasa ya uhalisi ya Mobutu, na yeye mwenyewe aliliacha jina la Georges.

Lakini uhalisi huo haukufika sawasawa kila mahali. Kutoka Lweba hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500, ilhali Kigoma iko ng'ambo ya ziwa tu. Tangu 1967 milima ya Fizi ilikuwa ngome ya chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila, kilichompinga Mobutu. Hapa Kilingala kilikuwa lugha ya muziki, na pia lugha ya askari wa serikali. Sikio lililokipenda katika wimbo laweza kuwa lilikiogopa kizuizini.

Ndiyo maana twapaswa kuutazama kwa makini mkusanyiko ule. Jina lake latanguliza fanki na afrobiti, na rumba huja mwisho, tena ikiwa imepambwa kwa ladha ya wanunuzi wa Ulaya. Hata hivyo, miongoni mwa nyimbo zake umo mmoja uitwao "Cheka Sana". Jina hilo ni la Kiswahili kitupu, nalo limebandikwa kwenye santuri ya mtu wa Kongo ya Chini. Wanafunzi wetu wa isimujamii, ambao huandika sana juu ya maneno ya Kilingala yaliyoingia katika Kiswahili cha Kivu, wangefanya vema kufuata na njia ya upande wa pili.

Verckys alifariki Kinshasa tarehe 13 Oktoba 2022.