Kuku akishindwa kutaga: mambo ya kufanya mbele ya kukimbilia dawa

Mu parsele nyingi za Bukavu, Goma, Uvira, Butembo na Bunia, jamaa zinafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Mayai yanalisha watoto, yenye kubaki yanauzishwa, na franga zenyewe zinasaidia kulipa sabuni, chumvi na minerval. Kuku mumoja akianza kusumbuka kutaga, wafugaji wengi wanafungua kapsili ya antibiotiki ya watu na kuimwanga mu maji ya kunywa. Lakini yai lenye kukwama halitokeshwe na antibiotiki. Saa zenye kupotea pale ndizo zingeweza kumuokoa kuku.

Yai linatengenezwa namna gani

Kuku anatengeneza viini vya mayai upande wa kushoto tu wa mwili. Upande wa kuume haukomai. Kiini kikiachiliwa kinapita mu njia ya yai, yenye urefu wa karibu sentimeta 65. Kazi yote inachukua saa 24 mpaka 26, na karibu saa 20 kati ya hizo ni za kutengeneza ganda peke yake. Jogoo hana kazi pale: kuku anataga hata kama jogoo hayuko.

Ganda moja lina karibu grama 2 za kalsiamu. Kalsiamu hiyohiyo ndiyo inapatia misuli nguvu ya kusukuma yai. Kwa hiyo kuku mwenye kukosa kalsiamu anaumia mara mbili: ganda linakuwa laini na gumu kusukuma, na misuli yenyewe inachoka.

Yai lenye kukwama

Kuku anasimama wima sawa bata, mukia chini, macho nusu kufungwa. Anaingia na kutoka mu kiota, anajikaza, hakuna kitu. Hakule, na choo kinakuwa kidogo ao kinakosa kabisa. Mufugaji akipapasa polepole chini ya mukia, anaweza kusikia yai gumu ndani.

Asichanganye na kuku mwenye kutaka kulalia mayai. Yule anakaa mu kiota siku nzima, anavimbisha manyoya, lakini ana nguvu na anadonoa mukono wenye kumukaribia. Tena, kuku muzima anaweza kuruka siku moja bila kutaga; pale hakuna ugonjwa.

Kama yai limekwama kweli, mufugaji afanye hivi:

1. Amutenge kuku na wengine, mahali pa giza, kimya na joto.
2. Amuweke mu beseni ya maji ya vuguvugu, sawa yale ya kuogesha mutoto muchanga, yenye kufika ku tumbo, dakika 15 mpaka 20.
3. Amukaushe vizuri na kitambaa. Huku Bukavu na Butembo, kwenye usiku una baridi, kuku mwenye kulala na manyoya maji anaweza kufa na baridi mbele yai halijamuua.
4. Apakae mafuta safi ya kupikia ku tundu la nyuma, kwa kidole safi, bila kulazimisha.
5. Amupatie kalsiamu yenye kununuliwa ku duka la dawa za nyama, ao ganda la yai lenye kukaangwa na kusagwa, kwa chakula laini. Kuku asiyeweza kumeza asimwangiwe kitu mu kinywa: kinaingia mu mapafu.
6. Amurudishe mu karton yenye majani makavu, pamoja na chupa ya maji moto yenye kufungwa na kitambaa.

Maji ya vuguvugu yanaweza kurudiliwa kisha saa chache. Kukamua tumbo kwa nguvu ao kutoboa yai ndani ni hatari sana: vipande vya ganda vinakata njia ya yai. Kama saa 24 zimepita na yai halijatoka, ni kazi ya veterineri. Yeye anaweza kupiga sindano ya kalsiamu, na anajua kama sindano ya kusukuma inafaa. Sindano ile mu mikono ya mutu asiyejua inaweza kupasua njia ya yai.

Njia ya yai yenye kutoka inje

Hapa nyama nyekundu, yenye kungaa, inatoka ku tundu la nyuma na hairudi. Inapata sana kuku wadogo wenye kuanza kutaga mapema, kuku wanene, na wenye kutaga mayai makubwa.

Hatari ya kwanza ni kuku wenzake. Wakiona ile nyekundu wanaidonoa, na wanaweza kumutoa matumbo akiwa muzima. Kumutenga hakungoje hata dakika tano.

Kisha mufugaji aoshe ile nyama na maji yenye kuchemshwa na kupozwa, pamoja na chumvi: kijiko kidogo kimoja mu nusu lita. Kama imevimba, apakae sukari yenye kulowanishwa kidogo. Sukari inavuta maji na uvimbe unapunguka. Dakika chache nyuma, aisukume ndani polepole, na kidole chenye glovu na mafuta. Kuku abaki mahali pa giza siku kadhaa, juu mwanga mudogo unapunguza kutaga na njia inapata kupumuzika.

Ikirudi kutoka inje mara kwa mara, kuku yule hatapona vizuri. Kama hajapewa dawa na hana ugonjwa mwingine, kumuchinja mapema ni afadhali kuliko kumungojea afe.

Tumbo lenye kujaa

Wakati mwingine kiini kinaanguka ndani ya tumbo, kisha mikrobi inaingia pale. Tumbo linavimba, linakuwa zito na laini, kuku anatembea miguu mbali mbali. Mara nyingi, wakati mufugaji anaona alama hizi, ugonjwa umeendelea sana. Veterineri anaweza kujaribu antibiotiki, lakini kupona ni kwa nadra. Kuku mwenye kufa hivyo asiliwe. Azikwe mu shimo refu ao achomwe.

Antibiotiki na mayai

Dawa nyingi zenye kunyweshwa kuku zinapita mpaka mu yai. Siku za dawa, na siku za kungoja zenye kuandikwa ku chupa ao ku karton yake, mayai yasiliwe wala kuuzishwa. Kapsili za watu haziandikwe kipimo cha kuku wala siku za kungoja. Tena kipimo cha kubahatisha kinazoesha mikrobi, na siku mutoto wa nyumba atagonjwa, dawa ileile inaweza kushindwa.

Kuzuia ni ku chakula

Mahindi, pumba na mihogo vina kalsiamu kidogo sana. Chakula cha kuku mwenye kutaga kinaombwa kuwa na kalsiamu karibu 3,5 mpaka 4 kwa mia. Sambaza za ziwa Kivu ao ndagala za Tanganyika, zenye kusagwa na mifupa, zinasaidia, lakini hazitoshi peke yake. Maganda ya mayai yakaushwe, yakaangwe juu ya kuua mikrobi, yasagwe, kisha yawekwe mu sahani ya pembeni. Kuku anachukua kadiri anavyohitaji. Chokaa ya kupakaa nyumba isitumiwe: inachoma kinywa na tumbo.

Kuku mwenye kufungwa ndani muchana kutwa anakosa jua, na bila jua mwili hautumie kalsiamu vizuri, isipokuwa chakula kina vitamini D. Maji safi yasikosekane, na kiota kimoja kitoshe kuku 4 ao 5.

Jambo moja la mwisho. Shida hizi zinapata kuku mumoja mumoja. Kama wengi wanaacha kutaga pamoja, wanakohoa, wanapinda shingo ao wanakufa mufululizo, ile si shida ya uzazi. Inaweza kuwa Newcastle ao ugonjwa mwingine wenye kuambukiza. Pale mufugaji asiuzishe kuku yeyote, asiwahamishe, na amuite veterineri siku hiyohiyo. Na kisha kushika kuku mugonjwa, mikono ioshwe na sabuni mbele ya kushika chakula.