Utanzu mmoja hauwezi kusimulia utumwa wa Malindi na Rabai

“Prof, mimi ni mtu wa riwaya. Historia waachiwe watu wa historia.” Hayo aliniambia mwanafunzi mmoja wa uzamili tulipokuwa tukiulizana ni vitabu gani kila mmoja wetu amesoma likizoni. Yeye alikuwa amemaliza riwaya nne. Mimi nilikuwa nimesoma vitabu vitatu vinavyokaa katika rafu tofauti kabisa: masimulizi ya watumwa walioachwa huru, historia ya uchumi wa mashamba, na kamusi ya karne ya 19. Riwaya nne si haba, na sina ugomvi na mpenzi wa riwaya. Ila kijana huyu anaandika tasnifu kuhusu Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela, na kwa kitabu hicho jibu lake halitoshi hata kidogo.

Neno utanzu, tulipendalo sana sisi walimu wa fasihi, asili yake ni tawi la mti. Tawi huota kwenye shina na hugusana na matawi mengine. Shuleni tumeligeuza kuwa ua. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anajua kwamba riwaya, tamthilia, hadithi fupi na ushairi ni mambo ya Kiswahili, yana karatasi yake ya mtihani. Historia ina mwalimu wake, kitabu chake na kengele yake. Akifika chuo kikuu ua umekuwa ukuta. Ndipo unapokutana na mtu mzima, msomi, anayesema kwa fahari kwamba yeye hasomi nje ya utanzu wake, kana kwamba anazungumzia chakula kinachomdhuru.

Sasa tukitazame kitabu chenyewe. Uhuru wa Watumwa kilichapishwa London mwaka 1934 na Sheldon Press. Juma Mbotela, babake mwandishi, alitekwa bara, upande wa Ziwa Nyasa, akatiwa chomboni pamoja na wenzake, na chombo hicho kikakamatwa baharini na manowari ya Waingereza. Waliookolewa kwa njia hiyo walipelekwa Freretown, kijiji cha misheni kilichoanzishwa Kisauni mwaka 1875 na kupewa jina la Sir Bartle Frere. Mtoto alikua akisikia habari hizo kwa wazee, akaziandika.

Je, hiyo ni riwaya? Wapo wanaokihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kiswahili. Wengine wanasema hapana, ni historia ya jamii iliyoandikwa na mwana wa jamii hiyo. Mabishano haya yameendelea miaka mingi na, kwa maoni yangu, yametupotezea muda. Halafu kuna wahakiki waliokishambulia kwa kumtukuza mkoloni: Mwarabu ni mwovu, Mwingereza ni mwokozi, basi. Shutuma hiyo ina ukweli, na mtu hahitaji shahada kuuona. Lakini ukishaisema umebaki palepale. Utajuaje kilichoachwa nje ya kitabu ikiwa husomi kingine isipokuwa kitabu hichohicho na wahakiki wake?

Kwa Mbotela, uhuru unatoka baharini. Unakuja kwa manowari, unatua ufukweni, unapokelewa na misheni. Ukitaka kujua kama ndivyo ilivyokuwa kila mahali, huna budi kupanda matatu ya fikra uelekee kaskazini, hadi Malindi, na huko hakuna riwaya itakayokufikisha. Mimi nilifikishwa na Plantation Slavery on the East Coast of Africa, cha Frederick Cooper, kilichotoka mwaka 1977. Nasema wazi kwamba si kitabu cha kusomea kitandani. Kina takwimu za nafaka, bei, mauzo na ukubwa wa mashamba, na kuna kurasa ambazo macho yalinizidi uzito. Lakini kuna jambo ambalo mtu wa Malindi akilisoma hataupita tena mji wake kwa jicho lilelile.

Malindi ile iliyompokea Vasco da Gama mwaka 1498 ilikuwa imekufa. Katikati ya karne ya 19 palikuwa magofu na kichaka. Karibu na mwaka 1861 Sultani Majid wa Zanzibar aliufufua mji kwa kuleta askari, na baada yao wenye mitaji, na pamoja nao watumwa. Msitu ukafyekwa. Katika muda wa miaka michache tu Malindi ikawa ghala la nafaka: mtama, mahindi na ufuta vikapakiwa majahazini kupelekwa Zanzibar na Uarabuni. Yaani mji tunaouita wa kale, kwa sura yake ya leo, ulijengwa upya na mikono ya watumwa, na hilo lilitokea zama za babu wa babu zetu.

Kuna neno moja hapo ambalo lilinishika. Mtumwa wa shambani alipimiwa ngwe yake, kipande cha ardhi alichopaswa kukilima. Kamusi zetu zinaeleza ngwe kuwa kamba, na pia kuwa sehemu ya shamba apimiwayo mtu. Sisi watu wa ushairi na methali tumelitumia neno hili kwa raha kwa maana ya fungu la kazi, zamu ya mtu, bila kujiuliza ni nani aliyekuwa ameshika kamba na ni nani aliyekuwa ameshika jembe. Sikulipata swali hilo katika diwani yoyote. Nililipata kwa mwanahistoria wa uchumi.

Na watumwa wa mashamba hayo hawakukaa wakingoja manowari. Walitoroka. Kiswahili kiliwaita watoro, neno ambalo leo tumemwachia mtoto anayekwepa shule. Wapo waliojijengea vijiji bara, nyuma ya Takaungu na Malindi. Fuladoyo ndicho kinachojulikana zaidi. Wapo waliokimbilia Rabai, kwenye kituo cha misheni kilichoanzishwa na Krapf na Rebmann mwaka 1846. Wakawa wengi mno. Wenye watumwa wakadai mali yao, wamisheni wakabanwa, na mwaka 1888 mzozo ukafika mahali pa hatari. Kampuni ya IBEA, chini ya George Mackenzie, ikaongoza mpango wa kulipa fidia, na Januari 1, 1889, watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati zao za uhuru. Fidia, bila shaka, walilipwa wenye watumwa. Watumwa wenyewe walipata karatasi.

Linganisha sasa. Wa Freretown waliokolewa na manowari. Wa Rabai walijiokoa kwa miguu yao, karatasi ikawafuata. Kutoka Kisauni hadi Rabai ni mwendo wa saa chache tu, lakini ni hadithi mbili za uhuru zilizo mbali sana. Mhakiki wa Uhuru wa Watumwa asiyeijua hadithi ya pili anaweza kulalamika kwamba Mbotela amempendelea Mwingereza. Anayeijua anaweza kuonyesha ni nani hasa aliyefunikwa na upendeleo huo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya lalamiko na uhakiki, na tasnifu inahitaji cha pili.

Kitabu cha tatu kitamshangaza msomaji, maana ni kamusi. Kamusi nayo husomwa? Husomwa, tena kutoka ukurasa wa kwanza, ukiwa na subira. Johannes Rebmann alikaa Rabai na Mombasa karibu miaka 30. Katika miaka ya 1850 alifanya kazi na mtu mmoja aliyeitwa Salimini, mwenyeji wa upande wa Ziwa Nyasa aliyefikishwa Pwani akiwa mtumwa. Rebmann alimwuliza maneno ya kwao, neno baada ya neno, akaandika. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1877, Rebmann ameshafariki, Krapf akiihariri. Ndivyo moja ya kamusi za mwanzo kabisa za lugha ya Malawi ilivyozaliwa katika Pwani yetu.

Hebu fikiria kazi ile ilivyokuwa. Mtu ameng’olewa kwao, amevushwa nchi, ameuzwa. Halafu anakaa siku baada ya siku akiulizwa: nyumba kwenu mnaiitaje? Mto je? Mjomba? Mvua ya kwanza? Katika hesabu za biashara Salimini angekuwa kichwa kimoja. Katika kamusi ni mtu mwenye nchi nzima kichwani. Hatumtaji tunapoorodhesha waandishi wa Pwani, kwa sababu kamusi si utanzu wa fasihi, na kwa sababu jina lililo kwenye jalada ni la mzungu. Mimi namhesabu.

Kuna radhi nyingine iliyonipata kwa kusoma namna hii, nayo ni ya lugha tupu. Kuanzia mwaka 1966 Wakenya tulimsikia redioni Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga Februari 2025, akiuliza, “Je, huu ni uungwana?” Naye ni wa ukoo huohuo wa Mbotela wa Freretown. Wengi tulisikia swali la adabu: mtu amepanda basi akamkanyaga mwenzake, je, huo ni uungwana? Lakini katika Kiswahili cha zamani mwungwana ni mtu huru, kinyume cha mtumwa; maana ya adabu ilifuata baadaye, kwa dhana ya kibwanyenye kwamba tabia njema ni ya waliozaliwa huru. Sasa mtu wa kizazi cha watumwa anashika kipaza sauti cha taifa na kutuuliza wote, miaka nenda miaka rudi, nani hapa ni mwungwana. Asiyesoma kamusi kuukuu na asiyekijua kitabu cha mzee Mbotela anakikosa kiungo chote cha swali hilo.

Najua nitaambiwa kwamba maisha ni mafupi na kwamba anayeshika mawili moja humponyoka. Ni hoja ya kweli. Sipendekezi mtu azurure maktabani akionja kila kitu kama mgeni kwenye meza ya harusi. Mimi mwenyewe vitabu vya “namna ya kufaulu maishani” vinanishinda ukurasa wa tano, na sijaona sababu ya kujilazimisha. Mtu atoke nje ya utanzu wake akiwa na swali mkononi. Swali la utumwa wa Kilifi lilinitoa kwenye masimulizi likanipeleka kwenye takwimu, likanitoa kwenye takwimu likanipeleka kwenye kamusi. Lisingekuwapo, kitabu cha Cooper ningekirudisha maktabani wiki ya kwanza.

Na wanahistoria nao wasikae wakicheka. Wapo ninaowafahamu ambao hawajafungua riwaya tangu walipomaliza shule. Takwimu za mashamba zitakueleza bei ya mtu. Hazitakueleza usiku wa mtoto aliyetolewa rehani kwa deni la babake. Kwa hilo soma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, umfuate Yusuf anapochukuliwa na mtu aliyefundishwa kumwita ami. Katama Mkangi, mwana wa Kilifi, alikuwa msomi wa sosholojia, watu wa ripoti na dodoso. Alipotaka kueleza jamii yenye haki inavyoweza kuwa, hakuandika ripoti. Aliandika Walenisi, riwaya iliyotoka mwaka 1995, akampandisha Dzombo kwenye chombo cha angani akampeleka sayari nyingine, ambayo jina lake, ukilikata vizuri, ni “wale ni sisi.” Wasomaji waliozoea riwaya za mtaa na kijiji walitatizika na chombo hicho. Mimi nakipenda.

Kilichoko mezani kwangu sasa ni kitabu cha pili cha Cooper, From Slaves to Squatters, cha mwaka 1980. Kinashughulikia Zanzibar na Pwani ya Kenya kuanzia 1890 hadi 1925, na nimekipanga pamoja na nakala za sheria mbili ambazo hakuna mtu wa fasihi atakayeziita burudani. Moja ni ya mwaka 1907, iliyofuta hadhi ya utumwa katika Pwani yetu. Ya pili ni ya mwaka 1908, iliyowataka watu waje wasajili ardhi wanayodai kuwa yao. Aliyekuwa mtumwa mwaka uliotangulia alikuwa na ngwe aliyoilima maisha yake yote, na hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Neno skwota, ambalo leo halikosekani katika habari za Malindi na Kilifi, nataka kulifuata kuanzia hapo.