Matone Mawili ya Tantali

Chukua bisibisi, legeza skrubu za chini za kile kisanduku cha kijani kiitwacho Ibanez Tube Screamer, ambacho wapiga gitaa wamekikanyaga tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha ukitazame tumboni. Utakuta rezista zenye mistari ya rangi, chipu yenye miguu minane na, katika matoleo ya mwanzo, vitu viwili vinavyofanana na matone yaliyoganda, kila kimoja kama punje ya dengu. Hizo ni kapasita za tantali. Mtu wa Goma, mashariki mwa Kongo, ana haki ya kuzitazama mara mbili: tantali hutolewa katika koltani, na koltani ya Rubaya, kule Masisi, imepitia mjini kwake miaka mingi.

Lakini tuanze na sauti yenyewe, maana kisanduku hiki kiliundwa kuiga ubovu. Mwaka 1951 bendi ya Ike Turner ilifika Memphis kurekodi "Rocket 88" ikiwa na amplifaya iliyoumia njiani. Wengine husema ilianguka kutoka garini, wengine kwamba ililoweshwa na mvua. Spika ikajazwa karatasi ili isitetemeke, gitaa likatoka limekwaruzika, na hakuna aliyelisafisha. Miaka kumi baadaye, Nashville, mtambo wa kuchanganyia sauti uliharibika wakati Grady Martin akipiga besi katika wimbo wa Marty Robbins, "Don't Worry". Fundi mitambo, Glenn Snoddy, aliusoma ubovu ule, akautengenezea saketi ya transista, na mwaka 1962 Gibson ikaanza kuuza pedali ya Maestro Fuzz-Tone. Haikununuliwa sana hadi 1965, mpiga gitaa Keith Richards alipoikanyaga katika "Satisfaction".

Kongo ilikuwa upande mwingine kabisa. Mpiga gitaa wa rumba, kuanzia Franco na Docteur Nico, alitaka kila noti isimame peke yake kama shanga kwenye uzi. Ukiichafua, sebene, ile sehemu ya gitaa la kuchezea, inapoteza hesabu. Nadhani ndiyo sababu pedali za mkwaruzo zilichelewa kupata nafasi kwenye jukwaa letu. Waliopenda uchafu hawakuwa wapiga gitaa. Mingiedi Mawangu na kundi lake, Konono No. 1, waliofanya makao Kinshasa, walizifunga likembe zao, zile ala za vyuma zinazopigwa kwa vidole gumba, maikrofoni za kujitengenezea, kwa sumaku zilizong'olewa kwenye vyuma chakavu vya magari, ili zisikike juu ya kelele za jiji. Sauti ilipasuka, nao wakaipokea kama ilivyokuja. Albamu yao ya 2004, "Congotronics", iliwashangaza Wazungu waliodhani mkwaruzo ni mali ya roki.

Turudi kwenye kisanduku. Saketi yake ilibuniwa na Mjapani Susumu Tamura. Ishara ya gitaa huingia ikiwa dhaifu, chipu inaikuza, na kwenye njia ya kurudi ya chipu hiyo kuna dayodi zilizowekwa kinyume. Umeme ukizidi nusu volti na kidogo, dayodi hufunguka na kukata vilele vya wimbi. Mkwaruzo ndio huo. Jirani na dayodi hizo wamekaa rezista ya omu 4,700 na kapasita ya mikrofaradi 0.047, na hao ndio mabawabu wa besi: sauti za chini ya hezi 720 hazikuzwi kama za juu. Ndiyo maana pedali hii husemea puani.

Fundi asiyependa pua hiyo hupasha moto pasi ya kulehemu, huing'oa ile 0.047 na kuweka 0.1. Mpaka unashuka hadi hezi 340 hivi, na nyuzi nene zinapata kifua. Wengine huondoa dayodi za silikoni na kuweka zile ndogo za kutoa mwanga, ambazo hungoja volti karibu mbili kabla ya kukata. Sauti inakuwa kubwa na wazi zaidi. Vitu hivi sikio lolote linavisikia. Kisha wapo wanaoyang'oa yale matone mawili ya tantali na kuweka kapasita za plastiki, wakiapa kwamba toni inasafika. Mimi hapo nasita. Naona nusu ya usafi huo umo kichwani mwa aliyelehemu.

Tantali iligunduliwa mwaka 1802 na Msweden Anders Ekeberg. Aliipa jina la Tantalus, yule wa hekaya za Wagiriki aliyesimamishwa ndani ya maji asiweze kunywa, kwa kuwa oksidi yake ilizamishwa katika asidi bila kunywa hata tone. Miaka ya 1950 wahandisi wa Maabara za Bell walijifunza kuushindilia unga wake ukawa kama sifongo ya chuma, na ndani ya sifongo hiyo hujificha eneo kubwa la kuhifadhi chaji. Kapasita ikawa ndogo, na dunia ya vifaa vidogo ikaitaka.

Goma iliuonja utashi huo mwaka 2000. Bei ya tantali iliruka karibu mara kumi kabla ya kuporomoka mwaka uliofuata. Watu waliacha mashamba Masisi, wakaingia mitoni kuosha udongo ili mawe meusi mazito yabaki chini. Novemba 2000, RCD, kundi la waasi lililotawala mji, liliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya pekee ya kuuza koltani nje. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, lakini biashara ya madini ilirudi juu ya mawe yaliyopoa, sawa na chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, zilivyorudi barabarani na viazi vyake. Mwishoni mwa Aprili 2024 waasi wa M23 waliichukua Rubaya, inayokadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba ushuru wa hapo uliwaingizia waasi hao dola zisizopungua 800,000 kwa mwezi. Januari 2025 M23 wakaingia Goma.

Kwa hiyo ukiyang'oa matone yale usiyatupe. Yapime, yahifadhi, yatafaa kwingine. Yana upande wa chanya na wa hasi, na ukiyageuza yanaweza kutoa moshi. Na kapasita ya plastiki ya thamani ileile kwa kawaida ni nene zaidi: ilaze ubavu, la sivyo kifuniko hakifungi.