Nani Huiambia Mashine Ukubwa wa Kumbukumbu Yake?

Ramani ya miaka ya 1990 inaonyesha Kanama kuwa komuni katika prefektura ya Gisenyi. Leo Kanama ni sekta katika wilaya ya Rubavu. Ramani haikudanganya ilipochorwa, ila anayeitumia leo hana budi kuisahihisha kwanza. Mti wa vifaa katika kompyuta una historia ya namna hiyo hiyo.

Mti huo ni maelezo yanayoieleza kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, mashine ina nini: prosesa, vifaa vilivyounganishwa, na kumbukumbu inaanzia anwani gani na ina ukubwa gani. Asili yake ni Open Firmware ya kampuni ya Sun Microsystems, iliyofanywa kiwango cha IEEE 1275 mwaka 1994. Humo programu ya kuwasha ilijenga mti yenyewe, baada ya kuikagua mashine. Wanafunzi wengi wa Rwanda wameishika bila kujua: kompyuta za XO, zilizoanza kugawiwa shuleni mwaka 2008, ziliwaka kwa Open Firmware. Mitch Bradley, aliyeianzisha Sun, ndiye aliyeitengenezea XO pia.

Mwaka 2005 watunzi wa Linux ya PowerPC walikubali mti bapa: faili linaloandikwa mapema na kukabidhiwa kerneli. Bodi ndogo zisizo na Open Firmware zilinufaika, na baada ya malalamiko ya Linus Torvalds mwaka 2011 mashine za ARM nazo zikafuata. Lakini faili lililoandikwa kiwandani halijui bodi iliyouzwa ina kumbukumbu kiasi gani. Raspberry Pi 4 ya 2019 ilitoka ikiwa na GB 1, 2 au 4. Faili lake katika Linux limeandikwa sifuri mahali pa ukubwa, na kipakiaji hujaza. U-Boot nayo hupima kumbukumbu, hufuta tarakimu za zamani ndani ya mti, huandika mpya, ndipo huiita kerneli. Kwa maoni yangu huku ni kurudi kwa Sun kwa mlango wa nyuma.

Tarakimu ikizidi, kerneli huandika pasipo na kitu na mashine huganda. Angalau hilo mtu huliona. Ikipungua, mashine huwaka vizuri tu, na mwenyewe hutumia GB 1 huku amelipia 4.