Jembe na Daftari: Historia Fupi ya Somo la Kilimo katika Shule za Sekondari

Katika Kiswahili mtu yule yule ashikaye jembe ana majina mawili. Akiitwa mkulima, amepewa heshima yake, nasi husema kwamba mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Akiitwa mshamba, ametukanwa. Maana tangu zamani wenyeji wa miji ya pwani waliigawa nchi sehemu mbili, mji na shamba, na mtu wa shamba alihesabiwa kuwa hajui adabu za mjini. Atakaye kujua kwa nini somo la kilimo limepata taabu katika shule zetu na aanzie hapa, kwa kuwa mwanafunzi huingia darasani akiwa na majina yote mawili masikioni mwake.

Nia ya makala hii ni kueleza jinsi mafunzo hayo yalivyoingizwa katika shule za Tanganyika, na baadaye Tanzania, na kuonyesha jambo moja: kwamba kila yalipotolewa kama kazi tupu yalidhoofika, hata pale walioyatoa walipokuwa na nia njema.

Wazee wetu hawakungoja shule ili wajue kulima. Mtoto alijifunza kando ya mama yake mbegu ipi iwekwe akiba, mvua ipi ni ya kupandia na ipi ni ya kudanganya, udongo upi upumzishwe. Elimu hiyo ilikuwa na heshima kwa sababu aliyekuwa nayo ndiye aliyevuna. Walipokuja Wajerumani mambo hayo mawili yalitenganishwa. Mwaka 1902 walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara, nacho kikawa mashuhuri. Lakini upande wa kusini watu walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya maakida na majumbe, kwa malipo yasiyolingana na jasho lao. Mwezi wa Julai 1905 watu wa Umatumbi waliing'oa pamba hiyo, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Ujuzi ulikuwa Amani, na jembe lilikuwa Umatumbi. Baina yao hapakuwa na njia.

Baada ya Waingereza kushika utawala, mwaka 1924 ilifika Afrika ya Mashariki Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones. Na mmoja wa wajumbe wake alikuwa Mwafrika, James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Tume ilishauri kwamba elimu ilingane na maisha ya watu, na kwa kuwa wengi waliishi kwa ardhi, kilimo kipewe nafasi kubwa shuleni. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza nayo ilitoa waraka wa siasa ya elimu wenye mwelekeo huo huo.

Shauri hilo lenyewe halikuwa baya. Lakini wazazi walilitazama kwa jicho jingine. Waliona kwamba karani, mwalimu na mkalimani ndio waliopata mshahara wa mwezi, wala hakuna hata mmoja wao aliyeajiriwa kwa sababu ya kujua kupalilia. Mzazi aliyempeleka mwanawe shule, naye akamkuta huko ameshika jembe lile lile alilomwacha nalo nyumbani, aliona amepunjwa. Mwaka 1965 mtaalamu Philip Foster alieleza jambo hili kwa mfano wa Ghana: kwamba matumaini ya mwanafunzi hayatengenezwi na ratiba ya masomo, bali na malipo ayaonayo nje ya shule. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kulijua hilo bila ya kitabu.

Isidhaniwe kwamba walikidharau kilimo. Huko Kilimanjaro wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Mizani, daraja za kahawa, stakabadhi, hesabu za mwaka: yote hayo mkulima alijifunza kwa sababu yalimhusu mfukoni. Na fedha za kahawa aliitoa ada ya shule, mara nyingi kwa tumaini kwamba mtoto hatarudi shambani. Shamba ndilo lililolipa ada ya kulikimbia shamba.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu Julius Nyerere akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe pia shamba. Lakini yafaa tulisome andiko hilo kwa makini kuliko lilivyosomwa na wengi. Mwalimu hakuomba mikono ya wanafunzi tu. Alitaka washiriki katika kukata shauri, mathalani kama fedha walizozichuma zikodi trekta la kulimia au zitumiwe kwa haja nyingine, na wajue kwamba hali yao ya maisha shuleni inategemea shamba hilo. Kwa maneno mengine, alitaka daftari likae pamoja na jembe. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikaza tena uhusiano wa kazi na masomo, na katika miaka hiyo ya 1970 shule za sekondari zikawekewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu.

Palipopungua ni katika utekelezaji. Jembe ni rahisi kuligawa. Uamuzi ni mgumu kuugawa. Katika shule nyingi shamba lilibaki, na daftari likakaa ofisini. Mimi nilisoma sekondari katika miaka ya 1990, katika shule ya bweni ambayo sitaitaja. Tulilima ekari nyingi za mahindi. Sikumbuki hata siku moja tulipoambiwa yalipatikana magunia mangapi, wala yaliuzwa kwa bei gani. Ninachokumbuka ni kwamba aliyechelewa kengele alipimiwa hatua kumi kwa kumi za kulima. Hivyo jembe lile lile lililokuwa somo siku ya Jumanne likawa adhabu siku ya Jumatano, nasi hatukuona tofauti. Lugha nayo haikusahau: hata leo mfanyakazi aliyepewa barua ya kumkaripia husemwa kuwa amelimwa barua.

Jirani zetu wa Kenya walipita njia nyingine yenye mafunzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika shule ya Chavakali, magharibi ya nchi hiyo, kilimo kilianza kufundishwa kwa msaada wa Wamarekani kama somo kamili la darasani na shambani. Baadaye somo hilo lilienea na kuingia katika mtihani wa taifa, nalo lina sehemu ya uchumi wa kilimo, ambamo mwanafunzi hujifunza kuweka kumbukumbu na hesabu za shamba. Silidai kwamba hilo liliwarudisha vijana wote shambani. Lakini lilikiondolea kilimo aibu ya kuwa kazi isiyo na alama.

Hapa mwanaisimu ana neno la kuongeza. Karne iliyopita tulisema kilimo cha biashara, tukimaanisha mazao ya kuuzwa kama kahawa, pamba na katani. Siku hizi tunasema kilimo biashara, na kile kiunganishi kimeanguka. Wazo hili lilipata jina lake la Kiingereza mwaka 1955 kwa John H. Davis wa Marekani, aliyetaka mbegu, mbolea, shamba, ghala, kiwanda na soko vitazamwe kama mwili mmoja. Katika usemi wa kwanza biashara ni sifa ya kilimo. Katika wa pili, viwili hivyo ni kitu kimoja. Badiliko hili si la sarufi peke yake. Linamtaka mwanafunzi ajue si kupanda nyanya tu, bali pia gharama ya kila tenga, na kwa nini bei huanguka wote wanapovuna pamoja.

Mwaka 2024 Tanzania ilianza kufundisha mkondo wa amali katika shule za sekondari, na kilimo kimo ndani yake. Amali ni neno la asili ya Kiarabu, maana yake tendo au kazi. Jina ni zuri, lakini lina hatari ile ile ya zamani, ya tendo kuachwa bila maarifa yake. Kwa hiyo mkaguzi atakayeitembelea shule yenye mkondo huo asiulize kwanza ukubwa wa shamba. Amwite mwanafunzi mmoja, amwombe daftari la mavuno na mauzo, na amsikilize akilieleza. Akiweza kulieleza, hapo pana somo. Akishindwa, hapo pana kibarua asiyelipwa, naye atakapohitimu ataliacha jembe mlangoni, kama tulivyoliacha sisi.