Chemsha bongo ya shule za upili: Ghana wanavyofanya

Huku kwetu chemsha bongo tumeizoea zaidi madrasa. Ghana wanayo ya Sayansi na Hisabati kwa shule za upili, na siku ya fainali ni kama mechi ya watani wa jadi. Wanafunzi hujaza ukumbi wakiimba, na watu wazima hukaa mbele ya televisheni kushabikia shule walizosomea.

Mashindano hayo ya kitaifa yalianza 1993. Kila shule huleta washindani 2, na kwa kawaida shule 3 hukutana katika pambano moja la duru 5, kwa maswali ya Bayolojia, Kemia, Fizikia na Hisabati.

Duru ya kwanza hupima misingi. Ya pili ni mbio, anayewahi kengele ndiye anayejibu. Ya tatu ndiyo niipendayo: shule zote hupewa swali moja gumu, dakika 4 za kulifumbua kwa maandishi, na alama 10 kwa atakayelimaliza sawasawa. Hapo wepesi wa kidole haukusaidii kitu. Ya nne ni kweli au si kweli. Ukipata unapewa alama 2, ukikosa unakatwa 1, kwa hivyo mwenye shaka huliacha swali likapita.

Ya mwisho ni vitendawili, na hapa Mswahili atajiona yuko kwao, ingawa hakuna wa kuitikia "tega" wala wa kudai mji. Dalili hutolewa mojamoja, ngumu zikitangulia. Anayejua kwa dalili ya kwanza hupata alama 5, ya pili 4, baada ya hapo 3.

Muuliza maswali wa kwanza alikuwa Profesa Marian Ewurama Addy, mtaalamu wa biokemia. Mwaka 2006 kiti hicho alikichukua Elsie Effah Kaufmann, mhandisi wa vifaa vya tiba. Wote wawili ni wanawake wa Chuo Kikuu cha Ghana. Lakini hadi 2024 hakuna shule ya wasichana iliyowahi kulibeba kombe, ilhali PRESEC ya Legon, shule ya wavulana, imelibeba mara 8.

Hilo tuliangalie kabla ya kuiga. Shule ya kutwa ya kijijini, ambayo wanafunzi wake huona majaribio ya Kemia ubaoni tu, ikikutanishwa na shule ya kitaifa yenye maabara kamili, kila mtu anajua kombe litalala wapi. Afadhali tuanze na shule za kutwa za kaunti ndogo moja, na shule ya mchanganyiko ilete mvulana mmoja na msichana mmoja. Maswali yatungwe na walimu wa shule zisizoshiriki. Vifaa ni kengele 3, saa na ubao wa alama. Lile swali gumu lataka karatasi tu. Na mapambano yaishe mapema, watoto wa mbali wafike nyumbani kabla ya magharibi, kwa sababu hapo ndipo wazazi wengi wa wasichana hukataa.